Mtaro wa barabara unaishia kwetu, maji hayaishii hapo: niliyojifunza kwa kuishi chini ya mteremko Arusha

Naomba niandike hii mapema kabla masika haijachanganya, maana ikishaanza kunyesha hakuna mtu anasoma kitu, kila mtu anahangaika na ndoo na viroba vya mchanga. Mi naishi Arusha, huku chini kusini mwa jiji, ni fundi nguo, nashona zaidi sare za shule, na kwa miaka kadhaa sasa kuanzia Machi mpaka Mei usingizi wangu ni wa kuibia. Ndugu zangu wa mikoani wakisikia Arusha kuna mafuriko wanashangaa, wanasema mji wenu si uko mlimani, mafuriko yanatoka wapi? Yanatoka hukohuko mlimani.

Kwa ambaye hajawahi kufika, Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, katikati ya mji pale Mnara wa Saa ni kama mita 1,400, na kutoka kileleni mpaka mjini kwa mstari ulionyooka hazifiki kilomita 20. Kwa hiyo maji yanateremka mita elfu tatu na kitu kwenye kipande kifupi sana cha ardhi, yakifika mjini yana nguvu na yana haraka. Zamani yalikuwa na njia zake, kuna Themi, Naura, Ngarenaro, Burka, alafu kuna haya makorongo madogo ambayo hayana hata jina, kiangazi watoto wanachezea mpira humo ndani, ng'ombe wanapita, watu wanachimba mchanga, unaweza ukakaa miezi usione tone. Themi ndo inaenda kuingia Kikuletwa, kutoka hapo bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani mpaka baharini kule Tanga. Sisi tuko njiani tu, maji yanatupitia yakielekea yanakokwenda.

Kitu ambacho mgeni hakimuingii akilini ni kwamba huku chini unaweza ukapigwa na maji huku jua linawaka. Unaona juu kule Meru kumeziba, wingu limekaa, wewe huku umeanika nguo na zinakauka vizuri kabisa, baada ya muda unasikia mawe yanagongana korongoni. Mama wa genge hapa jirani yangu anaangalia rangi ya maji, yakija ya kahawia anasema hayo ni ya barabarani yatapungua, yakija meusi yamebeba majani ya migomba na vipande vya magogo anafunika nyanya zake, anafunga genge na kuita watoto kwa majina mmoja mmoja mpaka wote waitike. Yule mama hajakosea hata siku moja tangu nimfahamu na mimi mashine nazipandisha juu kwa kumtazama yeye.

Sasa watu wakiongelea mafuriko wanamaliza na neno moja, mvua ya Mungu hiyo, tutafanyaje. Hapo ndo mi nakataa, na nakataa kwa nguvu zote, kwa sababu mvua nimeiona tangu nikiwa mdogo na hakuna mwaka hainyeshi. Kilichobadilika ni kinachoyapata maji yakishagusa ardhi. Sensa ya 2012 ilikuta jiji la Arusha lina watu 416,442, ile ya 2022 ikakuta 617,631, yaani ndani ya miaka kumi wameongezeka zaidi ya laki mbili, na hao watu wote wanahitaji paa, wanahitaji uwanja wenye pevingi, wanahitaji barabara. Sehemu zile za juu zilizokuwa mashamba ya kahawa na migomba leo ni nyumba zimebanana. Shamba linanyonya maji, bati halinyonyi hata tone.

Nilikaa siku moja na kijana wangu wa sekondari tukapiga hesabu na nikashtuka. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, hiyo wanafundishwa shuleni. Nyumba ya kawaida yenye paa la mita za mraba mia moja, ikinyesha milimita thelathini, ambayo siku ya masika ni kawaida, inatoa lita elfu tatu. Chukua nyumba elfu moja hivyo hivyo, unapata lita milioni tatu, na hapo hujaweka barabara, hujaweka viwanja vya shule, hujaweka maegesho, na nyumba zilizoko juu yetu ni nyingi kuliko elfu moja mara nyingi sana. Hayo maji yote zamani yalikuwa yanazama shambani taratibu, siku hizi yanatoka kwenye mabati kwa pamoja na yanakuja chini kwa pamoja. Hakuna mwenye nyumba kule juu aliyefanya kosa la jinai, kila mmoja kajenga kwake. Lakini mtu anayetoa vibali vya ujenzi anaiona ramani nzima, na huyo ndo alitakiwa kujiuliza maji ya nyumba zote hizo yataenda wapi.

Niongelee mtaro, maana hapa ndo roho inaniuma.

Barabara yetu kwa muda mrefu ilikuwa ya vumbi, tukaahidiwa lami kampeni hadi kampeni, na kweli siku ikafika greda likaja. Tulifurahi, wanawake walipiga vigelegele, mi mwenyewe niliwapelekea mafundi chai. Haikuwa kwenye ile miradi mikubwa ya mjini kama TSCP au sasa hivi TACTIC, ilikuwa kipande tu cha mtaani, lakini kwetu ilikuwa kitu kikubwa mno, vumbi lilikuwa linaharibu vitambaa. Wakajenga na mtaro pembeni, mtaro mzuri wa mawe, mpana, mafundi wanapanga jiwe moja moja na kuziba kwa saruji. Nikawa nautazama unavyoshuka kuja kwetu. Ukafika kwenye kona yenye mti wa mjohoro, hatua chache tu kutoka kwenye geti letu, ukasimama. Pale walichimbia kigingi cha mbao kimepakwa rangi nyekundu juu.

Nikamuuliza msimamizi wa mafundi, samahani baba, mbona mmesimama hapa, huu mtaro unamwaga wapi? Hakunijibu vibaya, alikuwa mtu mzima mstaarabu tu, akanionyesha kile kigingi akasema mama, mchoro wangu unaishia hapa, lami inaishia hapa na mtaro unaishia hapa, kilichobaki mbele sio mkataba wangu. Nikamwambia lakini maji hayataishia hapa. Akatikisa kichwa, akasema hata mimi naliona hilo mama, lakini nikiongeza hata mita kumi nani atanilipa?

Yule baba sina kinyongo naye kabisa. Nililojifunza pale, na nimekuja kuliona sehemu nyingi za mji huu baada ya hapo, ni kwamba mtaro unapangwa kwa kufuata barabara na barabara inapangwa kwa kufuata pesa, maji yenyewe yanafuata mteremko. Pesa ikiishia kona ya mjohoro na mtaro unaishia hapohapo, hata kama korongo la kupokea hayo maji liko mita mia tatu mbele. Kabla ya lami maji yalikuwa yanakuja yametawanyika, kidogo huku kidogo kule, mengine yanazama njiani kwenye vumbi. Baada ya mtaro yakakusanywa yote ya mteremko mzima, yakawekwa kwenye njia moja laini ya saruji yakimbie vizuri, alafu yakaelekezwa kwenye geti letu. Tungebaki bila mtaro tungeumia kidogo kuliko tulivyoumia.

Masika ya 2024 kila mtu anaikumbuka. Mamlaka ya hali ya hewa walishatangaza El Niño mwaka 2023 kabla ya vuli, vuli ikaja nzito, Desemba tukaona yaliyotokea Katesh kule Hanang, tope limeshuka mlimani na kufukia watu, na sisi watu wa chini ya mlima tukatazamana. Aprili ikafika. Tarehe 12 asubuhi gari lililobeba wanafunzi likasombwa na maji kwenye korongo huku upande wetu wa jiji, watoto wakafa, watoto wa shule waliovaa sare. Mimi ni fundi wa sare. Siku hiyo sikukanyaga cherehani, nilishindwa. Tarehe 25 mwezi huohuo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaeleza bungeni kwamba nchi nzima watu 155 wamepoteza maisha kwa mvua zile na zaidi ya laki mbili wameathirika. Ukisikia namba hizo kwenye redio zinapita tu, ila ukiwa umewahi kusimama kwenye lile korongo unajua kila namba ilikuwa na mama yake.

Kwetu yalikuja usiku. Nilisikia kwanza mbwa wa jirani, kisha sauti ya geti kama linasukumwa, nikashusha miguu kitandani nikakanyaga maji. Umeme ulikuwa umeshakatika. Kwa tochi ya simu nikaona maji yanaingia chini ya mlango yamebeba tope laini jeusi, na yanapanda unayaona kwa macho, yakapita kanyagio la cherehani, yakafika kwenye droo ya chini ambako ndo nilikuwa nimeweka majora ya tetroni ya bluu, oda ya shule, ambayo nilikuwa nimechukua kwa mkopo. Nikawa nabeba jora moja moja kupandisha juu ya kabati, kitambaa kikishanyonya maji kinakuwa kizito mpaka mikono inatetemeka, kijana wangu kabeba bibi yake mgongoni kampeleka nyumba ya kona ambayo ina msingi mrefu. Choo cha jirani ni cha shimo na kikajaa kikafurika, kwa hiyo hayo tuliyokuwa tunatembea ndani yake hayakuwa maji ya mvua peke yake, naomba muelewe ninachosema. Asubuhi mstari wa tope ukutani ulikuwa umenyooka chumba hadi chumba, unapita kwenye picha ya ubatizo ya mwanangu katikati. Ovaloki, ile mashine ya kupiga pindo, ilikufa, mota imeshiba tope, na vitambaa hata ukivifua harufu haitoki, ukampelekee mtoto wa mtu avae shuleni? Nilivitoa matambara na deni nikaendelea kulilipa.

Baada ya hapo ndo nikaingia kwenye dunia ya ofisi.

Ofisi ya kwanza walinipokea vizuri, wakasikitika, wakasema hilo ni suala la wenye barabara. Kwenye barabara wakasema sisi mtaro wetu uko sawa, umekaguliwa na umepokelewa, yanayotokea baada ya mtaro kuisha ni suala la mipangomiji. Mipangomiji wakasema hilo ni korongo, makorongo na mito ni suala la watu wa bonde. Na kila mmoja kwa sehemu yake anasema kweli, hilo ndo linatesa, maana kisheria ndo ilivyo, barabara kuu zina wakala wake, za mitaani zina wakala wake tangu 2017, vyanzo vya maji vina bodi ya bonde, halmashauri ina vibali na taka, maafa yana kamati yake. Lile tone lililotoka mitaa ya juu, Sakina au Ilboru, likaja mpaka kwangu limepita kwenye mikono ya watu wote hao na hakuna hata mmoja mwenye kazi ya kulisindikiza kuanzia juu mpaka chini.

Kuna ofisi moja nilikutana na swali ambalo naamini kila mkazi wa bondeni nchi hii ameshaulizwa, sasa mama, nyie mlijenga bondeni mkitegemea nini? Niliwajibu na narudia hapa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, naijua, tumeisomewa. Lakini nyumba yangu haiko ndani ya hizo mita 60. Na hata wale majirani walioko karibu zaidi, zoezi la urasimishaji wa makazi lilipokuja walichangishwa pesa za kupimiwa, mpimaji akaja na mitambo yake, akapanda bikoni za mipaka, nyingine amezipanda ndani kabisa ya njia ya maji, wakapewa namba za viwanja, wanalipa kodi ya jengo. Mwaka uliofuata wakaja watu wengine wakapaka alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, kwenye kuta zilezile. Bikoni iko hapa, X iko pale, hatua nne katikati. Yule mzee mwenye hiyo nyumba ni mstaafu, kiinua mgongo chote kiko kwenye ule ukuta, aliniuliza fundi, hebu nisaidie, kati ya hawa wawili serikali ni yupi? Nilikosa jibu la kumpa, na sijaona kama ni sawa mzee wa umri ule kuulizwa yeye kwa nini alijenga wakati aliyempimia hajaulizwa chochote.

Kilichonifungua macho ni mama mmoja mtumishi, hakuwa bosi, aliniona nimekaa kwenye benchi muda mrefu akaniita pembeni. Akaniambia dada yangu, we unakuja mwezi mbaya. Bajeti ya serikali inaanza Julai mosi mpaka Juni thelathini, na maandalizi yake yanaanza mwishoni mwa mwaka unaotangulia, madiwani wanaijadili na kuipitisha miezi ya mwanzo ya mwaka. Nyie mnakuja kulia Aprili na Mei. Aprili bajeti ya mwaka unaokuja imeshafungwa, na ya mwaka huu imeshaisha, mtapewa pole na labda katapila la kuzibua. Ikifika Novemba mambo yanapangwa, mitaani kumekauka, hakuna anayekuja, wanaokuja ni wale wanaotaka taa za barabarani.

Nilitoka pale nimesimama nje kwenye jua nikawaza miaka yote hiyo. Ni kweli kabisa. Kila mwaka tumepiga kelele maji yakiwa magotini, tukapigwa picha, viongozi wakaja na mabuti, wakaahidi, Juni ikakauka, Julai tukarudi kwenye shughuli, Novemba wakati wino unamwagika kwenye karatasi sisi tuko kwenye harusi na vipaimara. Na mipango ya maji inataka michoro, inataka upimaji, huwezi kuipachika dakika za mwisho.

Kwa hiyo tulibadilisha namna ya kudai, na hili nataka walio kwenye hali yetu walichukue walitumie. Maji yakiwa bado yapo tulianza kupiga picha kwa mpangilio, simu iwe imewashwa tarehe na saa, picha moja ionyeshe kitu kisichohama, nguzo ya umeme yenye namba, kona ya nyumba, ule mjohoro, ili mtu asije akasema hii ni picha ya mtaa mwingine. Tulichora mstari kwa rangi ya mafuta kwenye kuta za nyumba zilizokubali, maji yalipofika, na tarehe. Alafu kiangazi kilivyokaa vizuri tukatembea njia ya maji yote kwa miguu, sisi akina mama wa kikundi cha vikoba, vijana wa bodaboda wawili na yule mzee mstaafu akiwa na fimbo yake, tukianzia pale mtaro unapoanza mpaka kwenye korongo kubwa. Njiani tukakuta mambo ambayo kukaa nyumbani huwezi kuyajua. Kuna kalavati la bomba jembamba ambalo nusu yake imezibwa na taka, chupa na nailoni, na hiyo ni pamoja na mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tangu Juni 2019. Kuna mtu kajenga ukuta wa uzio ukaziba kabisa mfereji wa zamani, na tulipoongea naye kumbe hakujua, kiwanja alinunua kiangazi, aliyemuuzia alikuwa ameshafukia kwa molamu. Kuna watu wa juu yetu walioelekeza bomba la paa moja kwa moja barabarani. Hao tuliwaomba wafunge tenki, wengine walikubali, maji ya bure ya kufulia, wengine walitufungia geti.

Tulichopata kwenye ile safari tukakichora kwenye karatasi kubwa ya manila, kijana wangu ndo alichora, tukaweka na picha, tukapeleka kwenye mkutano wa mtaa mwezi wa kumi na moja mwanzoni. Mwenyekiti wetu alishtuka, alisema hajawahi kuona watu wanaleta ajenda ya mafuriko wakati wa kiangazi. Tukaomba iandikwe kwenye muhtasari, neno kwa neno, na tukaomba nakala yenye muhuri. Hiyo nakala yenye muhuri msiichukulie poa, ukienda ofisini na maneno unasikilizwa, ukienda na muhtasari wenye muhuri unapokelewa, unagongewa tarehe ya kupokelewa, na hapo mtu akikaa nao bila kujibu inajulikana amekaa nao yeye.

Matokeo yake niseme ukweli, ni nusu. Lile kalavati jembamba lilibadilishwa, likawekwa pana zaidi, na masika iliyofuata mitaa ya juu kidogo ilipumua. Mtaro wetu umeingizwa kwenye mpango, kuumalizia zile mita mia tatu mpaka korongoni, lakini fedha iliyotengwa ni ya usanifu tu, ujenzi haujapangiwa mwaka. Kwa hiyo bado maji yanatua kwenye geti. Mimi nimeinua kizingiti cha mlango kwa tofali mbili, nimejenga meza ya zege ya kuwekea mashine, vitambaa vya oda sihifadhi tena nyumbani kuanzia Machi mpaka Mei, nimepanga na dada mmoja wa mtaa wa Mbauda anitunzie. Ni gharama ambayo haikutakiwa kuwa yangu, lakini siwezi kusubiri usanifu nikiwa na oda ya watu.

Nimeona pia watu wengi wanakimbilia viwanja sasa hivi, uwanja wa AFCON 2027 unajengwa Olmoti na kila mtu anataka kipande upande huu. Nawaomba, kiwanja cha Arusha kakikague masika. Kama umeonyeshwa Agosti, subiri, au angalau angalia uzio wa majirani kama kuna majani makavu yamenasa kwenye waya usawa wa goti, hayo hayakupandishwa na upepo. Angalia kama nyumba za zamani za hapo zina ngazi nyingi kuingia ndani, waliojenga kwanza walikuwa wanajua kitu. Ongea na watu wanaouza genge na wachunga ng'ombe kabla ya kuongea na dalali. Na ukipewa ramani ya upimaji waulize njia ya maji iko wapi kwenye hiyo ramani, kama hawawezi kukuonyesha kwa kidole usitoe hela.

Kuna jambo moja limetukalia mezani na bado tunalijadili. Mtaa ulio chini yetu waliposikia mtaro wetu utaendelezwa walikasirika, wakasema mnatushushia maji yenu. Wana haki kabisa, ndo maneno yaleyale tuliyokuwa tunawaambia wa juu. Kwa hiyo kwenye barua ya safari hii tumesaini mitaa miwili kwa pamoja, wenyeviti wote wawili wamegonga muhuri, na tunachoomba kimebadilika, hatuombi tena mtaro umalizike mpaka korongoni tu, tunaomba na kingo za korongo lenyewe zijengwe kwa gabioni, zile nyavu za waya zilizojazwa mawe, pale linapopinda karibu na nyumba zao, na mtu wa usanifu aje kupima Aprili maji yakiwepo, asije Septemba na viatu vyake safi. Barua imeshapokelewa, ina tarehe. Novemba tunaifuata, na mama wa genge ameshasema siku hiyo atafunga genge aje.